Waliotunza Maji ya Gusii

Mto Kuja, ambao Abagusii huuita Gucha, huanzia katika vilima vya Kiabonyoru, Kaunti ya Nyamira. Huteremka katikati ya mashamba ya majani chai na migomba, ukiokota vijito vya Kisii njiani, kisha huingia Kaunti ya Migori na hatimaye kumwaga maji yake Ziwa Viktoria, huko Nyatike. Upande wa kaskazini, vijito vingine vya Nyamira huelekea Mto Sondu, ambao tangu mwaka 2008 maji yake yanazungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60. Mji wa Nyamira wenyewe huteka maji yake Mto Eaka. Mkulima wa Gusii mwenye kishamba kando ya kijito ameshika maji ya watu wengi ambao hatawaona maishani: mvuvi wa Nyatike, mpanda mpunga wa bondeni, mwanafunzi wa Kisumu anayesoma kwa taa ya umeme.

Historia ya Gusii imewakumbuka wapiganaji wake. Kila mtoto wa huko amesikia habari za Moraa Ng'iti, mwanamke aliyetabiri na kuchochea, na za Otenyo Nyamaterere, aliyemchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, Northcote, mnamo Januari 1908. Wanastahili. Lakini wapo wengine waliopigana vita vya kimya vya miaka mingi, vya kuzuia udongo usiende na maji yasikauke, na majina yao hayamo katika vitabu wala nyimbo. Makala haya ni habari zao: jinsi kazi ya kutunza mazingira ilivyofanyika katika milima hii, nani aliifanya, na kwa nini shukrani ilichelewa kuwafikia.

Milima bila msitu mkubwa

Ili kuelewa jambo hili, yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Gusii ni nyanda za juu zenye mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka sehemu kubwa, na udongo wake una rutuba. Neema hiyo imeleta watu. Katika sensa ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 katika eneo la kilomita za mraba 1,323, yaani zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba. Nyamira ilikuwa na watu 605,576 katika kilomita za mraba 897. Wastani wa Kenya nzima ulikuwa watu 82 kwa kila kilomita ya mraba.

Tofauti na Kakamega, Mau au Mlima Kenya, hapa hakuna msitu mkubwa wa serikali wenye mlango, walinzi na mipaka. Vipo visehemu vidogo, kama Nyangweta huko Mugirango Kusini, na vilele vya vilima kama Manga na Kiabonyoru. Miti mingine yote imo mashambani mwa watu: kwenye mpaka wa shamba, nyuma ya nyumba, ukingoni mwa mto. Vivyo hivyo chemchemi na vinamasi. Mhifadhi wa mazingira wa Gusii havai sare. Ni mama mwenye shamba la nusu ekari, na kila mita anayoiachia mto ni mita aliyoinyima mahindi.

Hali hiyo ndiyo inayofanya suala la kuwatambua wahifadhi wa huku kuwa zito. Penye msitu wa serikali, anayehifadhi hulipwa mshahara. Gusii anayehifadhi hutoa mali yake.

Risaga na egesangio

Kwa mujibu wa masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na mwanahistoria William R. Ochieng' katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Abagusii wa kale, watu hawa walipitia nyanda za Kano, wakakaa Kabianga, wakapata shida huko, kisha wakaenea katika milima wanayoishi sasa. Waliikuta nchi yenye miti mingi. Walifyeka ili walime wimbi na kulisha ng'ombe, wakayaacha mabonde yenye maji, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya kutosha na bonde lilikuwa na kazi yake: malisho ya kiangazi, udongo wa kufinyangia vyungu, maji ya nyumbani. Ng'ombe wengi walikaa na vijana katika ebisarate, kambi za mifugo zilizokuwa mbali na maskani.

Kazi kubwa ya shamba haikufanywa na mtu mmoja. Mwanaanthropolojia Philip Mayer, aliyefanya utafiti miongoni mwa Abagusii katika miaka ya 1940, alichapisha mwaka 1951 maelezo ya namna mbili za kusaidiana. Ya kwanza ni risaga, ambapo majirani waliitwa kulima shamba la mwenzao, naye akawapikia na kuwaandalia pombe. Ya pili ni egesangio, kikundi kidogo ambacho wanachama wake walizungushana zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, hadi wote wamalizike.

Malipo ya mifumo hiyo hayakuwa fedha. Aliyekuja na jembe alikula na kunywa, na zamu yake ilipofika alipata mikono ya kumsaidia. Juu ya hayo, alipata jina jema. Aliyekwepa zamu alijulikana, na aliyetangulia kufika alijulikana pia. Mzani wa heshima ulikuwa machoni pa majirani, watu walioiona kazi yenyewe. Vikundi vya akina mama vinavyopanda miche leo Nyamira na Kisii vina katiba, muhuri na akaunti ya benki, lakini ukivitazama vizuri utaona damu ya egesangio ndani yake: idadi ndogo ya watu wanaojuana, zamu, na aibu kwa anayetegea.

Mti uliokuja na reli

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901. Injini zake zilitumia kuni, na kuni za asili zilikuwa zikiisha. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ikaanza kuleta mikaratusi kutoka Australia, kwa kuwa hukua haraka. Mwaka uliofuata ukaja mti mwingine wa huko huko Australia, muwati, unaotoa gome la kulainishia ngozi. Kidogo kidogo miti hiyo miwili ikaenea hadi vijijini, na Gusii ikaipokea vizuri.

Ilikuwa na sababu nzuri za kupokelewa. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ilizivunja ebisarate, na malisho yakaanza kugeuka mashamba. Kodi ilidaiwa kwa fedha. Nyumba zilihitaji nguzo. Mkaratusi ulitoa vyote: ukiupanda leo, baada ya miaka michache una boriti, na ukiukata, kisiki chake kinachipua tena bila gharama. Familia nyingi za Gusii zimesomesha watoto kwa mti huu. Anayeisimulia historia hii kana kwamba mkulima alikuwa mjinga hamtendei haki. Mkulima alipewa mti wenye faida, akaupanda mahali ulipostawi zaidi, na mahali hapo palikuwa bondeni, penye maji.

Zao la biashara nalo likaja. Katikati ya miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu chache za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, kwa masharti makali. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukafungua zaidi mlango wa kahawa, pareto na majani chai. Baada ya uhuru, Shirika la Maendeleo ya Chai lililoundwa mwaka 1964, KTDA, likasimamia ujenzi wa viwanda katika milima hii: Nyankoba, Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Nyamache, Kiamokama na vingine. Kila kiwanda kina tanuru la kuchemshia maji, na tanuru linakula kuni. Soko la mkaratusi likawa la uhakika.

Heshima ya enzi hizo ilifuata zao. Aliyeitwa mkulima bora alikuwa mwenye kahawa nyingi au majani chai mazuri. Aliyeacha kinamasi chake kikae na mafunjo alionekana mvivu aliyeshindwa kukitumia.

Makinga maji kwa amri

Wakoloni walijua kuwa udongo wa Kenya unakwenda. Mwaka 1938 waliunda kitengo kidogo cha kuhifadhi udongo ndani ya idara ya kilimo, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi ya kuchimba makinga maji ikasukumwa kwa amri katika hifadhi za Waafrika. Watu waliitwa na chifu, wakapimiwa urefu wa kuchimba, na asiyefika akatozwa faini. Huko Murang'a, mwaka 1948, wanawake waliandamana kuikataa kazi hiyo.

Jambo la kujifunza hapo ni kwamba makinga maji yenyewe yalikuwa na faida. Kilichoyaharibia jina ni namna yalivyoletwa. Kazi njema iligeuzwa adhabu, na anayefanya kazi kwa adhabu huiacha siku msimamizi anapoondoka. Uhuru ulipokuja, sehemu nyingi za nchi watu waliyabomoa makinga hayo kwa furaha.

Ilichukua miaka kurekebisha. Mwaka 1974 Kenya ilianza mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo na maji kwa msaada wa Sweden, na maofisa wakaanza kumfundisha mkulima mmoja mmoja kuchimba fanya juu: mtaro unaofuata mkingamo wa mlima, udongo wake ukitupwa upande wa juu, na nyasi za nepia zikipandwa juu ya tuta ili kulishikilia na kulisha ng'ombe. Mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kudumu ya uhifadhi wa udongo na upandaji miti. Kuanzia mwaka 1988 mpango ukabadilika tena: badala ya mkulima mmoja, ukachukua bonde zima na kuwaachia wenyeji wachague kamati yao. Kwa maneno mengine, serikali ilizunguka kwa nusu karne ndipo ikarudi pale egesangio ilipokuwa imeanzia.

Miti saba ya Kamukunji

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara wa watu ulitembea kutoka jumba la mikutano la KICC hadi uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake walipanda hapo miti saba, kila mmoja kwa heshima ya shujaa wa jamii mojawapo ya Kenya, miongoni mwao Mekatilili wa Menza, Nabongo Mumia na Gor Mahia. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lilizaliwa siku hiyo, na lilizaliwa kama tendo la kuheshimu watu.

Mengi yamesemwa juu ya Maathai na Tuzo ya Amani ya Nobel aliyopewa mwaka 2004. Kuna jambo moja dogo katika utaratibu wake ambalo lina uzito kuliko hotuba nyingi. Vikundi vya wanawake vilivyootesha miche vililipwa fedha kidogo kwa kila mche, na malipo hayo yalihesabiwa kwa mche uliosalimika baada ya kupandwa. Mche uliokauka haukuwa na malipo. Mama asiyejua kusoma aliweza kuhesabu miche yake, kuirudia baada ya miezi, na kuripoti ni mingapi imeshika. Utaratibu huo ulifika katika milima ya Gusii pamoja na vuguvugu lenyewe.

Kwa wanawake wa Gusii, jambo hili lilikuwa na kina zaidi. Magharibi mwa Kenya, kupanda mti wa kudumu kulihesabiwa kuwa dalili ya kumiliki ardhi, na ardhi ilirithiwa na wana wa kiume. Mwanamke aliyeolewa aliweza kulima mahindi na wimbi, lakini mti ulikuwa neno la mume. Kitalu cha kikundi kiliwapa njia. Miche ilikuwa ya kikundi, mauzo yalikuwa ya kikundi, na polepole mke akaanza kusikilizwa juu ya nini kipandwe na wapi.

Kitalu chenyewe ni kazi ya mikono kuanzia mwanzo. Udongo wa juu huchekechwa na kuchanganywa na samadi iliyooza. Hujazwa katika pakiti tupu za maziwa zilizotobolewa chini, kwa sababu mifuko ya dukani ni ghali. Mbegu huatikwa kwanza katika tuta la pamoja, na miche ikitoa majani mawili matatu huhamishwa moja moja kwa kijiti kilichochongwa, mzizi usikunjike. Juu hujengwa kichanja cha majani ya migomba ili jua lisiichome. Asubuhi na jioni mtu wa zamu hubeba maji kutoka kijitoni. Kabla ya mvua za Machi, kivuli hupunguzwa kidogo kidogo ili miche izoee jua. Zamu moja ikikosa kumwagilia wakati wa kiangazi cha Januari, kazi ya miezi minne huisha kwa siku tatu.

Agizo la mwaka 2009

Kufikia mwanzo wa karne hii, mabonde ya Gusii yalikuwa yamebadilika sura. Vinamasi kama Sironga huko Nyamira vilichimbwa mitaro ili vikauke, vikapandwa nepia, mboga na mikaratusi. Kwingine udongo wake mfinyanzi ulichimbwa kutengenezea matofali, na mashimo yakaachwa wazi. Wazee walianza kuonyesha mahali palipokuwa na chemchemi.

Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, mtu aliyejulikana kwa kutoyumba tangu alipotia nidhamu matatu, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito na vyanzo vya maji. Mwaka huo huo zikatolewa kanuni za kulinda vinamasi na kingo za mito chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999; tayari kanuni za maji chini ya sheria hiyo zilitaka ukingo wa mto uachwe kwa upana wa kati ya mita 6 na 30.

Agizo lilikuwa sahihi. Mkaratusi una mizizi inayofika mbali na hunywa maji mengi kwa kuwa hukua haraka, na haufai kukaa juu ya chemchemi. Lakini hebu tuuangalie upande wa aliyeagizwa. Mita 30 za kwanza kutoka mtoni, katika shamba lenye upana wa mita 40, ni robo tatu ya shamba. Mikaratusi iliyosimama hapo ni karo ya kidato cha pili na cha tatu. Tena kuuondoa mkaratusi si kuukata tu, maana kisiki huchipua. Lazima king'olewe, au kibanduliwe gome hadi chini na machipukizi yakatwe kila yatokeapo, mwaka baada ya mwaka.

Wengi walikataa, na wengine walikata na kuacha visiki vichipue. Wapo pia waliotii kweli. Waling'oa, wakapanda mianzi na miti ya kienyeji kama omotembe, wakaweka nepia mahali pa kushikilia ukingo, wakasubiri. Hao walipoteza fedha ambazo jirani yao mkaidi alizipata kwa kuuza nguzo zake. Hawakulipwa fidia, na mara nyingi hawakutembelewa na mtu wa kuwaambia ahsante. Katika historia yote ya uhifadhi huko Gusii, sioni kundi linalostahili shukrani kubwa kuliko hilo.

Chemchemi moja

Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilileta chombo kipya: jumuiya za watumiaji maji, ambazo huwakutanisha wakazi wa juu na wa chini wa kijito kimoja. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikaruhusu jumuiya za misitu. Mradi wa kuhifadhi mazingira ya Ziwa Viktoria nao ukapitisha fedha kwa vikundi vya vijijini. Kazi iliyopendwa zaidi Gusii chini ya mipango hii ni ya kulinda chemchemi, na inafaa kuelezwa jinsi inavyofanyika, kwa sababu wanaotoa vyeti vya heshima mara nyingi huona bomba tu.

Watu huanza kwa kufukua kuelekea juu ya kilima, wakiyafuata maji hadi kwenye jicho lenyewe, mahali yanapotokea mwambani. Tope na majani yaliyooza hutolewa kwa mikono, watu wakisimama ndani ya maji baridi hadi magotini. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa mbele, na bomba huwekwa humo kwa kimo kinachotosha debe kukaa chini yake. Nyuma ya ukuta hupangwa mawe makubwa, kisha kokoto, ili maji yapite yakichujika. Juu hutandikwa karatasi ya plastiki, hushindiliwa udongo mfinyanzi, kisha udongo wa kawaida na nyasi, maji ya mvua yasiingie. Mtaro huchimbwa upande wa juu kuyapitisha maji ya mvua pembeni, na mwingine upande wa chini ili yanayomwagika yasigeuke dimbwi la mbu. Mwisho huja ua wa kuzuia ng'ombe, na miti ya kienyeji nyuma yake.

Saruji na bomba hununuliwa na mfadhili. Mawe, mchanga, kokoto, siku za kazi na kile kipande cha ardhi hutolewa na wanakijiji. Mwenye shamba ambamo chemchemi imo hukubali kuwa kuanzia siku hiyo watu watapita kwake alfajiri na jioni maisha yake yote. Kwenye kibao kinachosimikwa pale, mara nyingi jina la mfadhili huandikwa kwa herufi kubwa na la mwenye shamba halimo.

Siku ya Mashujaa yafika Kisii

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mambo kwenye karatasi. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi, na kumpa kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kuhifadhi. Katiba hiyo hiyo iliifanya tarehe 20 Oktoba kuwa Siku ya Mashujaa, na Sheria ya Heshima za Kitaifa ya mwaka 2013 ikaweka utaratibu wa kupendekeza watu wa kupewa nishani. Mwaka huo ndio serikali za kaunti zilipoanza kazi, Kisii na Nyamira zikiwa mbili kati ya 47.

Tarehe 20 Oktoba 2020, katikati ya janga la korona, sherehe ya kitaifa ya Mashujaa iliadhimishwa katika uwanja wa Gusii mjini Kisii. Ilikuwa fahari kwa mji. Kutoka uwanjani hapo si mbali hadi Mto Nyakomisaro, unaopita katikati ya mji na kubeba takataka za soko na gereji. Vijana wanaojitolea kuusafisha mto wa namna hiyo, wakiingia kwenye maji machafu na glovu za kuazima, ni mashujaa kwa maana yoyote ya neno hilo.

Kisha ikaja kampeni kubwa. Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa sikukuu ya kupanda miti, shabaha ikiwa miche milioni 100 kwa siku moja. Ni jambo jema kwa taifa kuacha kazi likapande miti. Lakini idadi ya miche iliyopandwa hutangazwa jioni ile ile, na ile iliyosalimika miaka mitatu baadaye haitangazwi. Anayepanda mbele ya kamera huonekana. Anayebeba maji Januari haonekani.

Namna ya kuwaheshimu

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Swali ni namna gani, na mifano ipo karibu. Mwaka 2010 Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa ilikwenda kwa kikundi cha wakulima cha Muliru, Kakamega, wanaolima mmea wa dawa na kutengeneza marhamu ili watu wasiuharibu msitu. Mwaka 2017 tuzo hiyo ilipewa Mikoko Pamoja ya Gazi, Kwale, ambao huhifadhi mikoko, huuza hewa ya ukaa, na mapato yake hununua maji na vitabu vya shule. Tuzo zote mbili zilikwenda kwa kikundi, na kazi yenyewe iliwapa wanakikundi riziki. Nishani iliyotundikwa ukutani mwa nyumba yenye njaa haihifadhi kitu.

Kwa Gusii, historia hii inatufundisha mambo ya wazi. Heshima ipewe kikundi pamoja na majina ya wanachama wote, na itaje kijito au chemchemi waliyoitunza, ili majirani waweze kuthibitisha au kukana. Ihesabiwe kwa kilichosalimika baada ya miaka mitatu, kama Maathai alivyowahesabia akina mama. Iwatangulize wale waliong'oa mikaratusi yao mtoni, na iambatane na kitu cha kuziba pengo: miche ya parachichi iliyopandikizwa, ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya nepia ile, au afueni ya karo. Viwanda vya chai, kampuni za maji na wazalishaji wa umeme wanafaidika na mabonde haya kila siku. Ni haki wachangie. Tena aliyetambuliwa apewe kiti katika kamati za kata zinazopanga fedha za mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu anayejua chemchemi ilikauka lini ndiye anayejua jinsi ya kuirudisha.

Serikali za Kisii na Nyamira zinaweza kuanza bila kungoja Nairobi. Shule, makanisa na vyama vya wakulima wa chai pia vinaweza. Na wewe msomaji, kama una kwenu katika milima hii, Siku ya Mazingira ijayo, tarehe 5 Juni, usiende kupanda mti mpya kwanza. Nenda kwenye kijito unakotekewa maji, uliza nani alikitunza kikawa hai mpaka leo, andika majina yao, na uyasome kwa sauti mbele ya baraza la chifu. Hao ndio wanaotudai maji tunayokunywa.